Kupasha joto pikapu ya umeme kwenye baridi kali bila kumaliza betri: jinsi ya kuitumia pampu ya joto

Kila ikifika mwezi wa 11 naanza kupigiwa simu za aina moja. Mtu kanunua pikapu ya umeme, kiangazi chote alikuwa anatamba nayo, sasa asubuhi moja anatoka nje kakuta ni -20, kaingia kawasha hita mpaka mwisho na maili zinashuka kwenye dashibodi kama uniti za LUKU ukiwa umewasha jiko la umeme. Halafu ananiambia "lakini waliniambia hii ina pampu ya joto, haili chaji". Inakula bwana, ila inakula kidogo kama unajua namna ya kuishi nayo, na hiyo namna ndo nataka niiandike hapa ili nisiwe narudia kwa kila mtu.

Mi nimekulia Iringa, nilivyofika huku St. Paul, Minnesota, nilidhani baridi naijua, si tulikuwa tunavaa masweta mawili mwezi wa 6 na wa 7 tunatoa moshi mdomoni tukienda shule. Makanisa ya Kilutheri ya huku na ya Iringa yana urafiki wa miaka mingi, wageni walikuwa wanakuja kwetu mwezi wa 7 wanatembea na tisheti asubuhi, tukawa tunawashangaa. Nimeshaacha kuwashangaa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis iligonga karibu -33 selsiasi na hapo bado hujahesabu upepo.

Kabla ya hatua zenyewe uelewe kitu kimoja, maana ukikielewa hiki mengine yote yanakuja yenyewe. Hita ya kawaida ya gari ya umeme ni koili tu, kama birika la umeme, inapika joto: ukiipa kilowati 5 inakupa joto la kilowati 5, basi. Pampu ya joto yenyewe haipiki, inabeba. Ni kuli. Inachukua joto lililoko nje (ndiyo, hata kwenye hewa ya -10 kuna joto, ni kwamba sisi hatulihisi) na lile linalotoka kwenye mota na vifaa vya umeme vya gari, inalibeba kuliingiza ndani. Shika nyuma ya friji nyumbani, ule umoto unaousikia ni joto lililotolewa kwenye vyakula vyako likahamishiwa ukutani, mashine ni ileile ila kwenye gari inageuzwa. Na kuli unamlipa kubeba, humlipi bei ya mzigo, ndo maana kwenye baridi ya karibu na 0 unaweza kupata joto la kilowati 4 kwa kutumia umeme wa kilowati 1.5 au 2 hivi.

Sasa shida ya kuli ni mbili. Ukimpa mzigo mkubwa ghafla anaelemewa, na kadiri anapoenda kuuchukua kunavyokuwa mbali ndivyo anavyochoka. Gesi inayozunguka kwenye pampu kubeba hilo joto, kwenye gari nyingi za sasa ni R1234yf, inachemka kwenye karibu -30 selsiasi, ili ichukue joto nje inabidi yenyewe iwe ya baridi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo nje ikiwa -25 gesi haina tena nafasi ya kucheza, inarudi nyepesi kwenye kompresa (mashine inayoikandamiza na kuisukuma gesi) na joto linalobebwa linakuwa kidogo sana. Hapo gari inawasha koili ya akiba. Zipo pampu ambazo kompresa yake ina mlango wa katikati wa kuingizia gesi ya ziada, hizo zinavumilia baridi zaidi, ila nazo zina mwisho wake.

Hatua ya 1: hakikisha unayo kweli

Usicheke, nimeona watu wawili wanabishana mwaka mzima kuhusu pampu ambayo kwenye gari ya mmoja wao haipo. Ford F-150 Lightning zilizoanza kutoka 2022, pamoja na za 2023, zina koili tu, pampu ya joto imeanza kwenye toleo la 2024. Rivian R1T za mwanzo vilevile hazina, imekuja na kizazi cha pili kilichotambulishwa katikati ya 2024. Cybertruck inayo. Kama unanunua iliyotumika usiamini maneno ya muuzaji wala tangazo, chukua namba ya chesisi uwapigie watu wa kampuni waangalie, kwa sababu kwa macho hutajua, na hata ukifungua boneti utaona mabomba tu.

Kama yako haina pampu usijione umeibiwa, hatua karibu zote za chini zinakuhusu, tena wewe zaidi.

Hatua ya 2: chomeka gari usiku hata kama chaji ipo

Hapa ndo wengi wanaharibu. Mtu anarudi na asilimia 70, anasema ya kesho inatosha, anaiacha nje bila kuichomeka. Betri inaganda usiku kucha, asubuhi gari inaamka na kazi mbili kwa mpigo, kupasha betri na kupasha ndani, na zote zinalipwa kutoka kwenye betri hiyohiyo iliyoganda. Ikiwa imechomekwa, umeme unatoka ukutani.

Ila soketi ina maana. Kumbuka soketi za kawaida za huku ni volti 120, sio 230 kama nyumbani, kwa hiyo chaja ndogo ya kuchomeka popote inatoa kama kilowati 1.4 tu. Kwenye baridi ya -20 kilowati 1.4 yote inaweza kuishia kupasha betri na usione hata asilimia moja inaongezeka, unaamka unaona asilimia ni zilezile za jana unadhani chaja imekufa. Haijafa, ilikuwa inapigana. Kama una nyumba yako tafuta fundi umeme akuwekee laini ya volti 240, hata ampea 32 inakupa zaidi ya kilowati 7 na maisha yanabadilika kabisa. Kama unapanga apatimenti na una soketi ya 120 tu, chomeka hivohivo, afadhali hiyo kuliko kuiacha.

Na kingine, ukirudi nyumbani chaji palepale betri ikiwa bado ina joto la safari. Kuna watu wanasubiri saa za umeme wa bei nafuu usiku wa manane, siku za kawaida sawa, lakini siku za -20 mpaka hiyo saa ifike betri imeshaganda na chaji ya kwanza inatumika kuipasha. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa chini ya 0, zinaharibika ndani, kwa hiyo gari yenyewe inabana chaji mpaka ipashe kwanza.

Hatua ya 3: weka saa ya kuondoka, usibonyeze "washa" dakika 5 kabla

Kwenye programu ya simu ya gari au kwenye skrini yake kuna sehemu ya kupanga saa ya kuondoka. Iweke. Kama unatoka saa 12 na nusu asubuhi kwenda shifti, andika hivyo (kwa saa zao ni 6:30, usije ukaweka 12:30 kwa mazoea, limenitokea hilo, gari ilijipasha mchana kweupe nikiwa kazini), chagua nyuzi 20 au 21, ambazo kwa kipimo chao ni 68 mpaka 70, na uiache ifanye kazi yake. Gari inajua ianze saa ngapi kulingana na baridi ya siku hiyo, inapasha ndani na betri pia, taratibu, na kwenye mwendo huo wa taratibu ndo kuli anafanya kazi nzuri. Ukibonyeza dakika 5 kabla na umeweka joto la mwisho, gari inaona mzigo mkubwa na muda hamna, inaita koili, na pampu yako uliyoilipia inakuwa pambo.

Kupasha betri mapema kuna faida nyingine watu hawaifikirii. Betri ya baridi haikubali kurudishiwa umeme ukiachia mafuta, kwa hiyo ile breki ya mota uliyoizoea kiangazi inapungua sana au haipo kabisa, unaachia pedali gari inaendelea kuteleza, na chini kuna barafu. Hebu fikiria.

Hatua ya 4: safisha theluji mahali panapohusika

Kioo kila mtu anakumbuka. Wanachosahau ni grili ya mbele, nyuma yake ndo kuna rejeta inayochukua joto la nje, ikizibwa na theluji kuli hana pa kuchukulia mzigo. Pitisha brashi, usipige na chuma wala usimwagie maji ya moto, gari nyingi zina vipande vya kufunga na kufungua hapo mbele, vikiganda ukavilazimisha vinavunjika. Safisha pia chini ya kioo cha mbele pale waipa zinapolala, hapo ndo hewa ya kuingia ndani inapovutwa, pakijaa theluji utapuliziwa unyevu na vioo vitajaa ukungu mpaka uchoke. Na kifuniko cha chaji: kikiganda kigonge kwa kiganja pembeni, usikivute kwa bisibisi.

Hatua ya 5: ukiwa ndani, jipashe wewe kwanza kabla ya hewa

Hewa ya ndani ya pikapu ya milango minne ni nyingi, na kila ukifungua mlango unaitupa. Siti ya joto inakula kama wati 50 mpaka 100, usukani wa joto ni wa kiasi hichohicho, na vyote viwili havifikishi hata robo ya kilowati. Koili ya kupasha hewa inaweza kula kilowati 5 au 6. Kwa hiyo washa siti, washa usukani, joto la hewa weka 19 au 20, feni iache kwenye "auto", basi. Usiende kwenye "HI", yaani joto la mwisho. Watu wanadhani ukiweka HI ndani kutapata joto haraka, kidogo ni kweli, lakini ile HI ni amri ya kuwasha kila kitu kwa nguvu zote na haizimi mpaka wewe ukumbuke.

Ile batani ya kuyeyusha kioo cha mbele kwa nguvu nayo ni hivohivo, inaita kompresa, koili na feni kwa pamoja. Itumie kioo kikiwa kimeziba, usalama kwanza, hilo halina mjadala, ila ukishaona vizuri izime. Nimeshapanda gari ya mtu, tumetoka Brooklyn Park mpaka Rochester batani inawaka njia nzima, kufika ananilalamikia betri.

Ukungu kwenye vioo ni suala la hewa. Ukifunga hewa ya nje ili uzungushe ya ndani unaokoa joto, lakini pumzi zenu, makoti yenye theluji na mazulia yaliyolowa vinajaza unyevu, baada ya dakika 10 huoni. Ukiwa peke yako unaweza kuzungusha kiasi, mkiwa watu wanne acha hewa ya nje iingie. Kung'uta viatu kabla ya kupanda, na mazulia ya mpira yenye kingo uyamwage maji kila jioni. Na usizime AC kwa kudhani unaokoa chaji, hiyo AC ndo inayokausha hewa, kwenye gari yenye pampu ni mashine ileile.

Hatua ya 6: usishtuke ikitoa "moshi"

Pampu ikifanya kazi, rejeta ya mbele inakuwa ya baridi kuliko hewa, unyevu unaganda juu yake. Kila baada ya muda gari inageuza mzunguko kwa dakika chache ili kuyeyusha hiyo barafu, unasikia kompresa inabadilisha sauti, hewa ya ndani inapoa kidogo, na mbele unatoka mvuke mzito mweupe na maji yanadondoka chini. Jirani yangu, mzee mmoja wa watu, alikuja kunigongea mlango amebeba kizima moto. Ni mvuke, na unakauka wenyewe. Moshi wa kweli una harufu na haupotei hewani haraka hivyo, huo ukiuona toka kwenye gari upige 911.

Hatua ya 7: jua hita inakuumiza wapi

Hapa tupige hesabu kidogo kwa uniti, zilezile za LUKU, kilowati 1 kwa saa 1. Lightning yenye betri kubwa ina uniti 131, ndogo ina 98, na kwa wastani inatembea kama maili 2 kwa uniti. Ukiwa kwenye haiwei kwa maili 65 kwa saa, mota peke yake zinakula kilowati 32 hivi. Pampu ikila 2 au 3 juu yake, ni chini ya asilimia 10, hata hutaiona. Lakini ukiwa kwenye foleni ya mjini maili 20 kwa saa, mota zinakula kama 8 au 9, na koili ikila 5 ni zaidi ya nusu ya mota zenyewe! Halafu safari fupifupi ndo ugonjwa kabisa: unampeleka mtoto shule, unarudi, unakwenda dukani, unarudi, kila mara ndani kumeshapoa unaanza upya. Kupasha nusu saa kwa kilowati 6 ni uniti 3, sawa na maili 6, fanya mara nne kwa siku umetupa maili 24 na hujafika popote. Unganisha safari, pita dukani ukitoka shule.

Na ukweli mwingine nausema hata kama haupendezi: pampu hairudishi maili zote. Hewa ya -20 ni nzito kuliko ya +20 kwa kama asilimia 16, gari inaisukuma hiyo muda wote, betri yenyewe ya baridi inatoa umeme kwa shida, tairi za baridi zinakuwa ngumu na upepo unapungua ndani yake. Kwa hiyo usinunue pampu ukitegemea Januari iwe kama Julai. Faida yake kubwa mi naiona kati ya +10 na -15 hivi, na kwa bahati siku nyingi za baridi ziko hapo. Zile siku za -30 sote tunarudi kwenye koili.

Hatua ya 8: safari ndefu

Ukienda kwenye chaja ya haraka, iandike kama unakoelekea kwenye ramani ya gari yenyewe, hata kama njia unaijua, kwa sababu hiyo ndo inaiambia gari ianze kupasha betri kabla ya kufika. Mnakumbuka Januari 2024 Chicago, foleni ndefu za gari za umeme kwenye vituo vya kuchajia kwenye baridi kali? Betri ikifika imeganda, chaji inaingia kwa kudondoka, aliye mbele anakaa muda mrefu, foleni inakua. Usiingie njiani ukitegemea kufika na asilimia 5, acha 20.

Ukiwa unachaji acha hita iwake, umeme unatoka kwenye chaja, na dakika 10 za mwisho pandisha ndani mpaka 22 ili utoke na joto la bure. Sio bure sana, unalilipia, ila angalau halitoki kwenye maili.

Hatua ya 9: ukikwama

Dhoruba ikifunga barabara kule Dakota unaweza kukaa masaa mengi. Habari njema ni kwamba gari ya umeme haina moshi wa kukuua usingizini, bomba la moshi kuzibwa na theluji sio tatizo lako. Tuseme una nusu ya ile betri ya 131, uniti 65. Kupasha ndani gari ikiwa imesimama kwa kilowati 3 unapata masaa 21 hivi, kwenye baridi mbaya sana ikila 4 unapata 16. Shusha mpaka nyuzi 16 au 17, kaeni siti za mbele tu, washa siti za joto, jifunikeni blanketi, msifungue milango ovyo. Kwenye gari yangu muda wote kuna mablanketi mawili, koleo, maji na karanga. Na betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida, iangalie kabla ya msimu, ikifa hiyo gari haiwaki hata kama kubwa imejaa.

Hatua ya 10: ikigoma

Kama nje ni +2 au +3 na ndani inapuliza ubaridi, au koili inafanya kazi muda wote siku ambazo hazina baridi kali, pampu ina shida, mara nyingi gesi imepungua au valvu imekwama. Kwanza sasisha programu ya gari kama kuna toleo jipya, wakati mwingine inatosha. Isipotosha, tafadhali usiipeleke kwa fundi wa AC yeyote kwa sababu tu bei yake ni rahisi. Kompresa ya gari ya umeme inaendeshwa na umeme wa volti mia kadhaa (zile nyaya za rangi ya chungwa, usiziguse kabisa), na mafuta yake ni ya aina yasiyopitisha umeme, kwenye gari nyingi ni yale yanayoitwa POE. Jamaa yangu alikwenda kwenye gereji moja, siitaji jina, wakamjazia gesi kwa mashine iliyokuwa na mafuta ya AC za kawaida, gari ikawasha taa ya hitilafu ya umeme na kukataa kuwaka. Ilibidi mfumo mzima usafishwe, na bili sitaki hata kuikumbuka. Uliza kabla: mashine yenu ni ya gari za umeme? Wakijiumauma, ondoka.

Halafu mwezi wa 4 theluji ikishaisha ingia kwenye programu utoe ile saa ya kuondoka, au angalau uondoe siku ambazo huendi kazini. Mi mwaka jana niliisahau mpaka mwezi wa 6, gari ikawa inaamka kila Jumamosi saa 12 na nusu inajiandaa na mimi nimelala.